Bwana Harusi Hakuwepo

Harusi yangu mwenyewe nimesimuliwa. Watu wa Majengo ya Thika walikuwepo, wa Ruiru walikuwepo, hata mwenye nyumba wetu wa Ngoingwa, Mzee Ephantus, mtu wa kanisa ambaye kwa kawaida hali kwa watu, alikuwepo na akala pilau sahani mbili. Mimi tu ndiye sikuwepo. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nimevaa kanzu, koti na kofia ya mkono, lakini sikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyegundua.

Lawama nazipeleka kwa mila zetu, na mtu asinibishie. Kwetu bwana harusi mwema ni yule anayeinamisha kichwa. Asiongee ovyo, asicheke meno yote nje. Chakula aonje tu, asionekane mroho. Akiulizwa jambo ajibu kwa sauti ndogo, au amwachie ami yake ajibu. Sasa mchukue mtu aliyepigwa goti la kichwa jana yake, mtu ambaye jua linamuumiza macho na hajui kama yuko Ruiru au Mombasa, umvishe kanzu, umkalishe mkekani. Hutapata bwana harusi mzuri kumshinda. Shangazi zangu walirudi nyumbani wakisifu kwamba hawajapata kuona kijana mwenye haya kama mimi.

Ninachokumbuka ni Jumamosi. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mechi ya kombe, na mimi nilikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha sabuni pale Thika. Hata kazi yangu ya stoo niliipata kwa sababu ya mikono hii. Kapteni wetu, Njau, alimwendea meneja akamwambia, "Huyu tusipomwandika sisi, wengine watamwandika." Mama alikuwa amenikataza kucheza kwa kuwa kesho yake ilikuwa nikaha. Nilimwambia mpira ni dakika tisini tu na nikaha ni ya maisha, kwa hivyo kuna nafasi ya vyote viwili. Kona ikapigwa, nikatoka. Nakumbuka mpira ukija juu, nakumbuka nikijiambia huu ni wangu, nakumbuka harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi.

Baada ya hapo ni chai.

Mwanamke ameinama, ameshika kikombe, ananiambia ninywe kabla haijapoa. Nikamtazama vizuri. Alikuwa Zainab binti Uthman wa Ruiru, mchumba wangu. Nilifurahi kumwona, kisha nikaingiwa na hofu. Msichana wa watu anafanya nini chumbani kwangu, na mlango umefungwa?

"Zainab, umekuja na nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nimekuja na wewe."

"Baba yako anajua uko hapa?"

Hapo aliacha kucheka. Aliniwekea kikombe mkononi. "Kunywa chai, Idarous," akasema.

Ndipo nilipoiona hina mikononi mwake, imepanda mpaka karibu na viwiko. Kulikuwa na sanduku jipya kando ya kabati, na kanzu yangu ya sikukuu ilikuwa imetundikwa msumarini ikiwa na doa la mchuzi. Nje redio ya jirani ilisema leo ni Jumanne. Kati ya ile kona na ile chai nilikuwa nimeoa.

Mtu mwenye akili zake angesema hapo hapo. Lakini akili zenyewe ndizo zilizokuwa zimepotea, sasa ningesema kwa kutumia nini? Nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, nami napenda hivyo, nikajiuliza alijuaje.

Shida yangu ilikuwa hii. Katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba mkataba wa mtu asiye na akili timamu hausimami. Mlevi, mwendawazimu, mtu aliyelala, wote hao maneno yao ni upepo. Je, kipa aliyegongwa kichwa yuko kundi gani? Kama Zainab alikuwa mke wangu, basi nilimkosea kwa kumkalia mbali. Kama hakuwa, basi hata kukaa naye chumba kimoja ilikuwa dhambi. Na kulikuwa na Mzee Uthman, baba yake, aliyekuwa amenikataa mwaka mzima kwa sababu mimi ni mtu wa mpira, na ambaye alikubali kwa shingo upande. Akisikia kwamba siku ile sikuwa na fahamu, atakuwa amefunguliwa mlango wa kumrudisha binti yake nyumbani. Nilimtaka Zainab. Katika mambo yote yaliyokuwa yakinizunguka kichwani, hilo peke yake lilikuwa limetulia, na nilihofia kulipoteza kwa neno moja. Basi nikawa nalala sebuleni kwenye mkeka, kisingizio ni maumivu ya kichwa.

Si kwamba nilidanganya. Kichwa kiliuma kweli. Nikigeuka ghafla, ukuta ulinifuata. Nikisoma maandishi ya katoni, herufi zilitembea. Kazini nilijaribu kupanda ngazi ya stoo, nikajikuta chini na katoni za sabuni juu yangu. Nesi wa kiwanda akanituma hospitali, daktari akatazama picha ya fuvu akasema mifupa ni mizima, akanielekeza idara ya mazoezi ya viungo, mwisho wa korido. Huko ndiko nilikomkuta Mwongeli.

Alikuwa mama wa Kikamba mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Nilimwita daktari, akanikatiza. "Mimi si daktari, mimi ni fizio. Niite Mwongeli. Kaa hapo." Zainab alibaki nje kwenye benchi.

Alinishika shingo akaibonyeza pande zote, akauliza wapi panauma. Kisha akaanza maswali. Huu ni mwaka gani? Nikajibu. Mechi ilikuwa na nani? Nikajibu. Nani alishinda?

"Wanasema ni sisi."

"Wanasema?" Akanitazama. "Kitu cha kwanza unakumbuka baada ya kugongwa ni gani?"

"Chai."

"Chai ya hapo hapo kiwanjani?"

Nikatazama mlango. "Ya Jumanne."

Mwongeli akaiacha shingo yangu. "Na huyo mama amekuleta, ako hapo nje na hina, mlioana lini?"

"Jumapili," nikasema. "Wanasema."

"Aiii!" Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaniambia ubongo wangu ulitikiswa kama maziwa kwenye kibuyu, na kwamba mtu aliyetikiswa hivyo anaweza kutembea, kula na kusalimia watu, na kumbe ndani hakuna kitu kinachoshika. "Hiyo Jumapili usiitafute. Haijapotea. Haikuingia kabisa. Sasa tutafute kizunguzungu, hicho tutakiweza."

Nilitaka kumuuliza, kama haikuingia, je, lile neno la kukubali lililotoka mdomoni lilitoka wapi? Lakini hilo si swali la fizio.

Mazoezi yake yalinichanganya zaidi. Nilitarajia dawa au kulala. Yeye alinitaka nikitafute kizunguzungu chenyewe. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kikazie macho, halafu tikisa kichwa kushoto na kulia macho yasitoke kwenye kidole. Ukuta ukianza kutembea, pumzika, rudia. Rusha mpira mdogo kutoka mkono huu kwenda huu, juu ya macho. Tembea kisigino mbele ya kidole, ukigeuza kichwa. Mimi niliyekuwa nikiruka na kudaka mipira ya adhabu, nilishindwa na mpira wa watoto.

"Kila mtu ananiambia nipumzike, wewe unanizungusha," nikalalamika.

"Ukipumzika tu, kichwa kitajifunza kuogopa. Kidogo kidogo, kila siku, hadi kizoee." Akaniambia pia hatua zitakazofuata: kichwa kikitulia nitatembea haraka, halafu nitakimbia, halafu mpira bila kugongana, na mwisho kabisa mechi. "Lakini ukiruka hatua ukagongwa tena, mimi sijui nitakurudisha na nini."

Kisha akamwita Zainab aingie, kwa sababu mazoezi ya nyumbani yalihitaji mtu wa kunilinda nisianguke. "Simama nyuma yake, mama. Mikono karibu na mabega. Usimshike mpaka ayumbe."

Nikafumba macho, mguu mmoja mbele ya mwingine. Sakafu ikainama. Nikasikia joto la mikono yake karibu na mabega yangu, na lile swali likaja lote kwa pamoja: huyu ni mke wangu au ni binti wa watu? Nikamkwepa. Nilianguka chini puu, nusura niangushe na kiti cha Mwongeli.

"Wee!" Mwongeli akapiga kelele. "Kwani bibi yako ako na stima?"

Zainab alirudisha mikono yake ndani ya buibui. Njia nzima mpaka Ngoingwa alitangulia hatua chache mbele yangu.

Mazoezi niliyafanya, kwa hasira na kwa bidii. Asubuhi kidole gumba, jioni kutembea kisigino kwa kidole juu ya ukingo wa mtaro nyuma ya nyumba. Mzee Ephantus alinikuta huko siku moja nikiyumba, mikono imetanuliwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ngai! Hata nyinyi siku hizi mnakunywa? Na mmeoa juzi tu." Nilimweleza ni mazoezi ya hospitali. Akasema ndiyo, ndiyo, hata shemeji yake husema hivyo hivyo.

Wakati huo huo nilianza kuitafuta Jumapili, ingawa nilikuwa nimekatazwa. Nilijiambia, kama nilijibu vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, basi labda akili ilikuwepo ila kumbukumbu ndiyo haikuwepo. Nikamuuliza mama, kwa kuzungukazunguka, nikaha ilikuwaje. Mama akajaa furaha. "Mwanangu, ulijibu kwa sauti, mpaka sisi wanawake uani tukasikia, tukapiga vigelegele." Nilitoka hapo nikiwa mume wa mtu.

Kesho yake nikamuuliza Njau, ambaye alikuwa amekaa mlangoni siku hiyo. "Maze, ulikuwa unaongea chini chini, haki," akasema. "Hata mimi nilidhani umekataa. Huyo uncle wako ndiye alikufinya." Nilitoka hapo nikiwa kapera.

"Na kiwanjani je, nilipogongwa?"

"Ulilala kidogo tu. Tukakumwagia maji baridi, ukaamka. Si ulidaka penalti, wee Idi! Hukumbuki? Ulikuwa fiti kabisa." Akanipiga bega, na mti uliokuwa nyuma yake ukacheza. "Nusu fainali imekaribia. Mwambie huyo mama wa hospitali asikucheleweshe."

Kila mtu alikuwa na harusi yake, na zote zilikuwa nzuri, na hakuna mbili zilizofanana. Nilipoona nitapasuka, nilienda msikitini baada ya swala ya alasiri, nikamngoja Maalim Irshad aliyetufungisha. Nilimwambia nina rafiki yangu. Rafiki yangu huyu aliumia kichwa kabla ya nikaha yake, na sasa hakumbuki kama alikubali au hakukubali.

"Huyo rafiki yako," akauliza maalim, "ni golikipa?"

Nikatazama mikono yangu. Maalim akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, na uso wake ukabadilika polepole kama mtu anayekumbuka kwamba aliacha jiko linawaka. "Subhanallah," akasema. "Nilikushika mkono, nikakusomea, ukasema nimekubali. Halafu ukaniuliza refa ameamua nini, ni kona au ni goli kiki. Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Tulidhani ni utani wa wachezaji."

Sikucheka.

"Basi nikaha haikusimama?" nikauliza.

"Mimi siwezi kusema haikusimama, na siwezi kusema ilisimama. Penye shaka, tunarudia. Kurudia hakugharimu kitu ila aibu." Akavaa miwani yake. "Lakini walii ni Mzee Uthman. Bila yeye hakuna nikaha. Na mpaka tutakaporudia, ni bora binti awe kwao."

Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia tangu Jumanne ile, na sasa lilikuwa limekaa mbele yangu na kilemba. Niende kwa Mzee Uthman nimkabidhi binti yake kwa mikono yangu, nimwombe anipe tena? Alinipa mara ya kwanza kwa shida, akidhani mimi ni mzima.

Nilimwambia Zainab siku hiyo hiyo. Tulikuwa kwenye zoezi, yeye amekaa kwenye kigoda, maana tangu siku ile ya hospitali hakusimama tena nyuma yangu, nami mbele yake nimesimamisha kidole gumba, natikisa kichwa kushoto na kulia. Nilishusha mkono nikasema yote kwa pumzi moja: kona, chai, Jumanne, mkeka wa sebuleni, maneno ya Maalim Irshad. Nilipomaliza nilikuwa natweta kama mtu aliyekimbia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua hukuwepo. Usiku ule wa Jumapili nilikushikia beseni ukitapika, ukaniita nesi. Ukaniambia asante nesi, mwambie mama nitakuja. Nikawaambia shangazi zako kwamba hauko sawa. Wakacheka, wakasema mabwana harusi wote huwa hivyo, nisiwe na haraka."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mbona hukuniambia?"

Alisimama. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira, na nilishtuka jinsi zilivyomkaa. "Mimi ndiye nikuambie? Umemuuliza mama yako. Umemuuliza Njau. Umemuuliza maalim. Idarous, siku hiyo mtu aliyekuwa na akili zake katika harusi hii ni mimi peke yangu, na mimi ndiye hujaniuliza. Nilidhani umenichukia. Ulianguka chini mbele ya watu ili nisikuguse!"

"Nilikuwa naogopa kukukosea."

"Basi umenikosea kwa kuogopa," akasema, akaanza kukunja nguo zake. Hakulia. Alifunga sanduku, akavaa buibui, akaniambia anatangulia kwa baba yake na kwamba nisichukue mwezi. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba. Sikujua kama nimeachwa au nimealikwa.

Sikuchukua mwezi. Nilimaliza kwanza yale ya Mwongeli, kwa sababu maalim alisema nikaha ya pili lazima anifungishe nikiwa mzima. Kichwa kilikuwa kimeanza kutulia. Nilitembea kwenye mstari nikigeuza shingo, na mstari ulibaki mahali pake. Nikaanza kukimbia asubuhi. Mwongeli akanirushia mpira, mkubwa, wa kweli, nikaudaka mara zote, na mikono yangu ilipousikia nilikaribia kulia kwa furaha. "Wewe unapona," akasema. "Mechi bado, lakini unapona." Njau alipata habari hiyo siku hiyo hiyo, sijui kwa nani, akaja stoo na glavu mpya.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, tulienda Ruiru: mimi, ami yangu, Maalim Irshad na mashahidi. Njau akajibandika, akasema hawezi kukosa harusi yangu hata nikioa kila wiki. Mzee Uthman ana nyumba upande wa Mugutha, na nyuma yake ua wa mbao anakouza fito na viunzi. Alitupokea kwa chai na mandazi, uso umekauka. Nilimwambia mwenyewe, sikumwachia ami. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukipangusa unga wa mbao kwenye goti.

"Kwa hivyo siku ile," akasema, "binti yangu nilimpa nani?"

"Sijui, mzee."

"Na leo nikimpa, nitakuwa nampa nani?"

"Mimi."

"Una hakika?"

"Karibu kabisa, mzee."

Ami yangu alifumba macho kwa aibu. Lakini Mzee Uthman alikohoa, na nikaona kwamba alikuwa anazuia kicheko. "Angalau huyu wa leo anajibu," akamwambia maalim. Kisha uso ukakauka tena. "Mara ya kwanza nilimuuliza Zainab, akanyamaza, na kunyamaza kwa mwanamwali ni ruhusa. Leo kunyamaza hakutoshi. Leo aseme." Akainuka, akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, maana kwa muda wote ule nilikuwa nimejiuliza kama mimi nilikubali. Sikuwahi kujiuliza kama yeye, baada ya beseni na mkeka na kukwepwa mbele ya watu, atakubali tena. Nilikuja kurudia maneno yangu, na nilikuwa nimesahau kwamba ya kwake pia yanarudiwa. Chai yangu ikapoa. Mzee Uthman alikawia huko ndani hata mashahidi wakaanza kuzungumzia bei ya saruji.

Alirudi na Zainab nyuma yake, Zainab akasimama upande wa pili wa pazia la mlango. Tuliona ncha za viatu vyake tu. "Ana neno," akasema Mzee Uthman, na akakaa kama mtu aliyeshindwa mabishano.

"Namtaka," ikasema sauti ya Zainab. "Wala sikumtaka kwa kulazimishwa, hata mara ya kwanza. Lakini golini asirudi. Si mechi hii, si nyingine. Nimeshaolewa na mtu asiyenijua, na sitaki kumpata tena. Akikubali hilo, nimeridhia. Asipokubali, aende salama, sitamlaumu."

Maalim Irshad alikuna ndevu. "Sharti kama hili, wanavyuoni wametofautiana..."

"Hapa kwangu wasitofautiane," akasema Mzee Uthman. "Atasema ndiyo au atasema la."

Njau alikuwa amekaa nyuma yangu, karibu na mlango. Akainama mpaka sikioni. "Wee Idi, sema tu ndiyo," akanong'ona. "Mambo ya goli tutaona baadaye."

Na hakika ningeweza. Kilikuwa kichwa kile kile, mdomo ule ule, neno lile lile. Ila sasa kichwa kilikuwa na mwenyewe. Nilimtazama Njau, nikaziona glavu zimechomoza kwenye mfuko wa koti lake, na nikajua kwamba nikisema ndiyo huku nikiwaza baadaye, Zainab atakuwa ameolewa na mtu asiyekuwepo mara mbili. Niliupenda mlango ule wa goli kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Pale katikati ya milingoti sikuwa mtoto wa mtu wala karani wa stoo wala mgonjwa wa mtu. Na nilikuwa nimepona! Siku chache tu zilizopita mpira ulikuwa umenikaa mikononi kama haujawahi kuondoka. Nikatamani kwa sekunde moja lile giza la Jumapili linirudie, lijibu kwa niaba yangu.

Mzee Uthman akanyoosha mkono. Nikauweka wangu ndani yake. Maalim akasoma, akataja jina la Zainab, akataja mahari, akataja na lile sharti wazi wazi ili mashahidi wasikie, kisha akanigeukia. Wote walinitazama. Sikuinamisha kichwa.

"Nimekubali," nikasema.

"Na sharti lake?"

Nilisikia pazia likitikisika.

"Na sharti lake nimekubali."

Nyuma yangu Njau aliinuka. Alivaa viatu vyake mlangoni, akapita katikati ya mbao za Mzee Uthman bila kumuaga mtu, akaenda na glavu zake. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuinuka kimfuate. Nilibaki nimekaa, mkono mkononi mwa baba mkwe, mpaka maalim akamaliza dua.